Kibanja, Kiwanja, Kiwanda

Nianze kwa kukiri: kosa lilikuwa langu, na nililiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nafundisha shule ya msingi upande wa Karagwe, lakini kwetu ni Kyerwa, kwenye kijiji ambacho siku hizi ukikiita kijiji wenyewe wanakununia. Nyumbani tulizungumza Kinyambo. Kiswahili tulikikuta shuleni, na aliyeteleza akatamka neno la nyumbani alivishwa kipande cha ubao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Ubao ule niliuchukia kuliko dawa za malaria, kwa hiyo nikatafuta njia ya mkato.

Niliipata nikiwa darasa la pili, nikajiona nina akili za ajabu. Abantu ni watu. Abana ni wana. Babiri ni wawili. Kumbe kazi yote ni kutoa b na kuweka w, basi, umeshakuwa Mswahili. Kanuni hiyo ilinibeba wiki nzima, mpaka nilipotumwa dukani nikaomba wiskuti. Muuza duka alicheka hadi akakaa juu ya gunia la chumvi, na jina hilo la Wiskuti likaniganda mpaka namaliza la saba. Ungedhani nilijifunza kitu. Sikujifunza.

Sasa, kwetu kuna kitu kinaitwa kibanja, na ndicho chanzo cha balaa lote hili. Kibanja ni nyumba pamoja na migomba inayoizunguka, kahawa iliyo chini ya migomba, maharage yaliyo chini ya kahawa, na marehemu walio chini ya vyote. Kuna mashamba ya mahindi kule mbali, na mbele zaidi kuna mbuga ya kulishia ng'ombe, lakini huko unakwenda na kurudi. Kibanjani ndiko unakorudi. Unakirithi, unakipalilia, unakitandazia nyasi, na zamu yako ikifika wenzako wanakutandaza humo.

Katika kibanja cha mama yangu wamelala babu na bibi, wakwe zake, na amelala baba. Wote watatu wako karibu na nyumba. Kando ya baba pana nafasi moja ambapo mama hakuwahi kupanda hata shina la maharage. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Tulipokuwa wadogo alitukataza tusichezee hapo, akisema tutamchafulia kitanda.

Ndipo tukapandishwa cheo.

Tulitangaziwa mkutanoni, mbele ya ghala la kahawa, kwamba kijiji chetu na vya jirani vimeingizwa kwenye mamlaka ya mji mdogo. Wanawake walipiga vigelegele, mama akiwamo, na mama yangu ana kigelegele kirefu hasa. Aliyenywea alikuwa mwenyekiti wetu peke yake. Siku ile aliamka mwenyekiti wa kijiji, akalala mwenyekiti wa kitongoji. Sisi wote tulipanda, yeye akashuka, na kwa furaha zetu hakuna aliyekumbuka kumpa pole.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Watu walivaa viatu kwenda kununua chumvi. Jirani yetu wa upande wa juu, mjane kama mama, akipigiwa simu na dada yake wa Kimuli alijibu, "Niko mjini," huku amesimama katikati ya maharage yake na jembe mkononi. Hakuwa anadanganya. Mji ndio uliokuwa umemfuata pale alipo.

Halafu wakaja watu wa kuorodhesha maeneo, kila kaya na fomu yake. Nilikuwa nimerudi nyumbani, nimemaliza chuo cha ualimu, na kiherehere kimenijaa mpaka puani. Mama alitaka mwenyekiti ajaze. Nikamwambia atamwitaje mwenyekiti wakati mwalimu wa Kiswahili yuko ndani ya nyumba? Nikakaa mezani, nikachukua kalamu. Fomu ikauliza: aina ya eneo.

"Ekibanja," mama akasema.

Mnaona nilikoelekea. Toa b, weka w. Nikaandika KIWANJA, kwa herufi kubwa, zilizonyooka. Mama akainama akachungulia. Anasoma, ila Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni.

"Umeandika nini hapo?"

"Ulichosema, mama. Kwa Kiswahili."

"Ee. Kimekaa vizuri," akasema, akatia sahihi.

Kiwanja, kwa yule ambaye hakukulia kwetu, ni kipande kitupu cha ardhi kinachongoja kujengwa. Hilo nililijua. Nilikuwa nimelisoma, nimelifanyia mtihani, nimelifaulu. Lakini siku ile aliyeshika kalamu alikuwa Wiskuti.

Baada ya fomu zikaja sheria ndogo, na hizo hazikuwa ndogo hata kidogo. Mbuzi wa jirani yule wa juu alikamatwa kwa kuzurura mjini, ilhali alikuwa amelala palepale alipozaliwa. Ng'ombe wetu wawili wakapelekwa Nyakakika kwa mjomba, ambaye bado anaishi kwenye nyasi wazi na hana mtu wa kumpandisha cheo. Walipoondoka waliondoka na samadi yao, na migomba ikaanza kukonda. Maziwa tukawa tunanunua ya pakiti. Mama alikuwa akiyaonja, anaangalia ile picha ya ng'ombe kwenye pakiti, anatikisa kichwa kama anayemsikitikia mgonjwa.

Kisha wakaja mgambo wawili na futi ya kamba. Mazao marefu hayatakiwi kando ya barabara. Mama akawauliza mgomba ni zao refu au fupi. Wakatazamana. Mmoja akashika futi chini, mwenzake akapanda juu ya ndoo yetu ya maji.

"Pimeni vizuri," mama akawaambia. "Huyo bado anakua."

Ukaonekana ni mrefu. Wakafyeka mstari wote wa mbele. Walipomaliza mama akawapa mikungu miwili, akasema mtu hawezi kufanya kazi kibanjani kwake akaondoka mikono mitupu. Wakaondoka wameiweka begani, vichwa vimeinama, wala hawakuaga vizuri. Mimi nilikuwa nimefura kwa hasira. Mama alicheka mpaka jioni, halafu akaenda kusimama pale penye visiki kwa muda, akarudi akakoka moto.

Mwaka uliofuata kiwanda kikaja. Ni kiwanda cha kukoboa kahawa, kikubwa, kina ukuta mrefu na king'ora kinacholia asubuhi, mchana na jioni. Sitaki kukisema vibaya kuliko ninavyopaswa. Kimewapa watu kazi, na barabara ikamwagwa changarawe kwa sababu yake. Lakini kilihitaji nafasi, na nafasi yenyewe ndimo tulimokuwa tunaishi. Majirani wakauza, mmoja baada ya mwingine. Wa chini yetu alinunua bodaboda mbili, zote akazipaka rangi ya bluu. Yule mama wa juu aling'oa kahawa yake kupisha geti, na sasa anakaa humo ndani kwenye meza ndefu anachambua kahawa za watu wa Chonyonyo. Anasema kazi ni ileile, tofauti ni kofia.

Mama hakuuza, na wala hakugombana. Aligundua kwamba kiwanda kinatupa maganda ya kahawa, malundo kwa malundo. Akaenda getini na kikapu, akaamkiwa na mlinzi, akaomba. Wakamjazia. Akarudi kesho yake na toroli. Yale maganda akayatandaza chini ya migomba badala ya samadi iliyohamia Nyakakika, na msimu haukuisha kabla migomba haijanenepa tena. Ikawa kiwanda kinakula vibanja vya wenzake na kulisha cha kwake. Vijana wa bodaboda wakapaita Kisiwani, maana ukitazama kutoka barabarani unaona mabati, ukuta, mabati, halafu kijani kimoja katikati. Ukimwambia dereva "nipeleke Kisiwani," anakufikisha mlangoni kwa mama yangu, na ziwa lote liko mbali huko.

Barua ilikuja mwezi ambao kahawa ilikuwa inaiva. Mama alinipigia simu kazini.

"Njoo unisomee," akasema. "Kuna neno nimelisoma mara tatu na linakataa."

Neno lenyewe lilikuwa "hakijaendelezwa." Kiwanja kilichotajwa hapo juu hakijaendelezwa. Mwenye kiwanja alitakiwa ajenge jengo la kudumu kwa ramani iliyoidhinishwa, la sivyo eneo lingegawiwa kwa mwombaji mwenye uwezo. Mwombaji alikuwa ameshapatikana: kiwanda kilitaka uwanja wa kuanikia kahawa. Mama angepewa kiwanja kingine nyuma ya kilima. Makaburi, kama yapo, yangehamishiwa makaburi ya mji, kule kwenye misonobari, ambako kila aliyelala ana kibao chenye namba.

"Hakijaendelezwa," mama akarudia polepole. "Kahawa iliyokusomesha ualimu, hiyo haijaendelezwa?"

Mimi macho yalikuwa kwenye neno moja tu, mstari wa kwanza. Kiwanja. Nikamweleza mama yote: b na w, fomu, kanuni yangu ya darasa la pili. Nilitamani anigombeze. Angenipa hata kofi la zamani, lile la nyuma ya kichwa, ningeshukuru. Alikunja barua ikawa ndogo sana, akauliza kitu kimoja.

"Na mimi? Watanilaza wapi?"

Kwa sheria za mji, kuzika nyumbani ni marufuku mpaka eneo liwe limeandikishwa kwa kazi hiyo. Mama yangu haogopi kufa, amezika wengi na anakizungumzia kifo kama safari ya sokoni. Anachoogopa ni kibao chenye namba. Ni hilo tu, na ni mimi niliyekuwa nimempeleka huko kwa herufi moja.

Kesho yake nikavaa suti yangu ya mahafali, nikaenda ofisi ya ardhi. Nilimkuta afisa, kijana mpole aliyetoka mikoa ya mbali, ameinamia kompyuta.

"Ni kosa la herufi moja tu," nikamwambia. "Hapa isomeke kibanja."

"Kibanda?"

"Kibanja."

"Mwalimu, kibanda kipo au hakipo? Kama kipo ni nafuu, tunasema kiwanja kina kibanda."

Nikamwambia si kibanda, si kiwanja, na tafadhali asije akasema kiwanda. Akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Kulikuwa na makazi, biashara, kiwanda, taasisi, eneo la wazi, makaburi. Kibanja hakimo. Nikavuta kiti bila kukaribishwa, nikaanza kumfundisha. Nyumba. Migomba juu ya kahawa. Kahawa juu ya maharage. Kijana wa watu alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu yake chini ya meza, namwona kabisa, kama wanafunzi wangu. Nilipofika kwa marehemu akainua kichwa.

"Mmezika humo? Wangapi?"

"Watatu."

"Mbona hamkusema kwenye fomu?"

Aliyeandika fomu nilimjua.

Akaniambia kwamba penye makaburi ya familia pana njia. Eneo lenyewe linaweza kuandikishwa makazi na makaburi, na mpaka unavutwa kuanzia kaburi la mwisho. Ila alionya: kama makaburi yote yako karibu na nyumba, upande wa chini unaopakana na ukuta wa kiwanda hauna cha kuushikilia. Nusu ya kibanja ingekwenda. Alisema atakuja mwenyewe kuona baada ya wiki moja.

Nikampelekea mama habari, nusu nzuri na nusu mbaya. Alinisikiliza huku anachambua maharage. Alichouliza ni kama nina hakika kijana alisema "kuanzia kaburi la mwisho." Nikasema nina hakika. Akasema sawa, nirudi nikafundishe watoto wa watu.

Siku ya ukaguzi nilifika asubuhi, nimevaa suti ileile. Afisa akaja na daftari lake, mwenyekiti wetu wa kitongoji, na bwana mmoja wa kiwandani mwenye buti zinazong'aa.

"Shikamoo mama," afisa akasema.

"Marahaba baba. Karibuni mkae."

Hakuna aliyekagua kitu kabla ya kukaa. Mama akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani na kuikausha kwa ajili ya wageni. Afisa hakujua kwamba ganda hutemwa. Akatafuna vyote, akameza, macho yakamtoka, akasema ni tamu. Mama akamwongezea.

Kisha tukaanza kuzunguka. Mama mbele, kwa fimbo.

"Huyu baba mkwe wangu. Mkali, lakini alijua migomba. Huyu mama mkwe. Huyu alinifundisha kupika, na kila siku alisema nimekosea." Akafika kwa baba, akainama akaondoa jani kavu. "Huyu mume wangu."

Afisa akaandika: moja, mbili, tatu. Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonisimamisha. Ile nafasi kando ya baba, ile tupu, iliyokatazwa hata shina la maharage, ilikuwa imepandwa mgomba mchanga.

Mama hakusimama. Aliendelea kushuka, kuipita kahawa ya mwisho, mpaka chini kabisa chini ya ukuta wa kiwanda, mahali ambapo mtu hakuwahi kwenda ila kutafuta kuni. Pale palikuwa na tuta. Refu kiasi cha mtu, limepigwa vizuri, limefunikwa kwa maganda ya kahawa ya kiwanda chenyewe. Kichwani mwake pamesimikwa mlamula, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vibanja ili watu wasigombane.

"Na huyu ni nani?" afisa akauliza, kalamu tayari.

"Huyu ni mimi," mama akasema.

Bwana wa buti alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Mwenyekiti akavua kofia, sidhani kama alijua kwa nini. Afisa akalitazama tuta, akamtazama mama.

"Mama, humu hujaingia."

"Sijaingia. Lakini nimeshahamia." Akagonga mlamula kwa fimbo. "Si ulisema unapima kuanzia kaburi la mwisho? La mwisho ni hili. Anza hapa."

"Mama," nikasema kwa Kinyambo, "na pale kwa baba?"

"Baba yako yuko na wazazi wake, hana upweke. Huku hapakuwa na mtu." Aliyasema kama anayepanga watoto kitandani. Halafu akamgeukia afisa kwa Kiswahili. "Andika wewe, mwanangu. Huyu mwalimu akiandika atanibadilishia herufi, nijikute kiwandani."

Wakacheka wote, hata yule wa buti. Mimi nilicheka pia, na nikalia palepale, mbele ya mwenyekiti, na suti yangu ya mahafali. Miaka yote amepatunza pale pa kulala kando ya mume wake, na amepatoa ndani ya wiki moja kulinda mpaka nilioufuta mimi kwa kalamu. Hakuwahi kunilaumu hata kwa nusu neno. Ningekuwa mimi, ningesema.

Kalamu ya afisa ilisimama. Sheria zake hazikuwa na safu ya mtu kama mama. Mwishowe akaandika, akatusomea kwa sauti ili tukubaliane: makazi na makaburi ya familia, makaburi manne, mpaka wa chini ni penye mlamula. Na pembeni, kwa herufi ndogo, kuhusu lile la nne, akaongeza maneno mawili: mwenyewe yupo.

Kiwanda kilitengeneza uwanja wake upande wa pili, kwenye eneo lililokuwa la maharage ya yule jirani wa juu. Na kibanja cha mama bado kinaitwa Kisiwani. Mama anatandaza maganda kila wiki, na tuta lake halisahau, analipalilia kuliko mengine. Ule mgomba wa kando ya baba umeshazaa. Mkungu wa kwanza aliniletea mwenyewe Karagwe, kwenye basi, ameupakata. Tuliupika, nikashindwa kula, naye akanikaripia kwa kupoteza chakula.

Kila asubuhi kabla ya kuingia darasani nampigia simu. Namwamkia shikamoo, ananiitikia, halafu namuuliza, "Mwenyewe yupo?" Naye anajibu, "Yupo, anapalilia." Ipo asubuhi ambayo simu ile itapokelewa na mtu mwingine. Nitapanda basi, nitamwambia dereva wa bodaboda anipeleke Kisiwani, na nitashuka mpaka chini penye mlamula, mbali na baba. Nafasi yake imeshaandikwa, tena bila kosa, kwa sababu hakuniruhusu kushika kalamu.